Riziki na Udi

Wasomaji wangu, mapenzi ya muziki yaliwahi kunipagaza. Nilikuwa nikiuza dukani Embu, nikaazimia kuacha kazi nende Nairobi na udi wangu kutafuta jina. Nikiwa njiani kwenda Meru kuaga jamaa, niliketi garini na mpiga ngoma wa Chuka, wale wabanao ngoma ndefu mapajani. Alinieleza kuwa wamezipiga hata katika sherehe za taifa, kisha wakarudi kwao kulima kahawa. Nikanyamaza.

Kweli, Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, sauti yake ikatiwa katika santuri. Lakini Siti ni mmoja, na waimbaji ni wengi. Sifa ni majaliwa. Duka ningali nalo, na udi pia: huupiga harusini, roho ikatulia.