Saa ya Kiswahili katika Kidokezo cha Kompyuta

1. Kidokezo na kazi yake

Kompyuta inayoendeshwa kwa amri za maandishi haina budi kumjulisha mtumiaji kwamba iko tayari kuipokea amri yake. Alama inayotokea mwanzoni mwa mstari kwa ajili hiyo ndiyo inayoitwa hapa kidokezo, na programu inayoitoa huitwa sheli. Katika sheli ya Stephen Bourne, iliyotolewa mwaka 1979 pamoja na toleo la saba la mfumo wa Unix, kidokezo cha mtumiaji wa kawaida kilikuwa $, na cha msimamizi wa mfumo kilikuwa #. Tofauti hiyo ni ndogo kwa umbo lakini ina uzito: aonaye # hutambua kwamba amri moja iliyokosewa yaweza kuuharibu mfumo mzima.

Katika sheli ya Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, umbo la kidokezo huhifadhiwa katika kigeu kiitwacho PS1, ambacho mtumiaji anaweza kukibadilisha apendavyo. Humo \u husimama badala ya jina la mtumiaji, \h jina la kompyuta, \w mahali alipo katika mpangilio wa mafaili, na \A saa. Kwa mtazamo wa isimu, hivi ni viashiria vya nani, wapi na lini.

2. Tatizo la "lini"

Kiashiria cha mwisho ndicho chenye utata kwa Mswahili. Ichukuliwe Makobola, katika eneo la Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Asubuhi \A ikiandika 07:00, Kifaransa, lugha rasmi ya nchi, huisoma tarakimu hiyo kama ilivyo. Anayehesabu kwa Kiswahili husema ni saa moja, kwa kuwa hesabu yake huanzia mapambazuko. Basi miadi iliyoandikwa "saa 7" yaweza kueleweka na mmoja kuwa ya asubuhi, na mwingine kuwa ya mchana, saa sita baadaye.

Ng'ambo ya ziwa utata huongezeka. Kongo ya mashariki imetangulia saa ya kimataifa kwa saa 2, na Tanzania kwa saa 3. Wakati uleule ambao Makobola ni saa moja asubuhi, Kigoma ni saa mbili.

3. Njia ya kuutatua

Kwa kuwa saa ya Kiswahili hupatikana kwa kutoa 6, inatosha kuielekeza amri ya date isome majira yaliyo nyuma kwa kiasi hicho. Makobola, 2 kutoa 6 ni 4 nyuma ya saa ya kimataifa. Katika kigeu cha TZ, majira yaliyo nyuma huandikwa kwa namba isiyo na alama ya kutoa:

PS1='saa $(TZ=SAA4 date +%I:%M) \w \$ '

SAA ni jina tu, lililochaguliwa kwa sababu jina la majira sharti liwe na herufi tatu au zaidi. Aliyeko Kigoma ataandika SAA3. Mstari huo ukiwekwa katika faili la .bashrc, kidokezo hicho kitatokea kila sheli inapofunguliwa.

Mambo matatu yahitaji uangalifu. Kwanza, mstari ufungwe kwa alama moja-moja za kunukuu. Zikitumiwa alama mbili-mbili, saa itahesabiwa mara moja tu, nayo itabaki ileile hadi sheli ifungwe. Pili, %I haitofautishi saa moja asubuhi na saa moja jioni. Anayetaka tofauti hiyo aandike %H: 00 hadi 11 zitakuwa za mchana, na 12 hadi 23 za usiku. Hivyo mgawanyo wa mchana na usiku ulio katika Kiswahili hulingana na nusu mbili za hesabu ya mashine. Tatu, tarehe isichukuliwe kutoka katika amri hiyohiyo, kwani kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri ingeonyesha ya jana. Tarehe iandikwe kwa \d, ambayo hufuata majira ya kawaida ya kompyuta.

4. Mipaka ya badiliko hili

Badiliko hili hugusa kidokezo peke yake. Saa zinazoandikwa katika mafaili na katika kumbukumbu za mfumo hubaki kama zilivyokuwa, na mtu wa Kigoma akipokea faili kutoka Makobola hatapata saa iliyopotoshwa. Mashine inaendelea kuhesabu kwa kawaida yake, na mtumiaji anaisoma saa katika lugha anayopangia siku yake.