Kioo cha Gari la Chama Kikikataa Kupanda: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, na kila kifaa kinachonunuliwa kwa ajili yake hulipwa kwa jasho la mkulima. Miongoni mwa hati za malipo zinazostahili kuulizwa ni ile ya mota mpya ya kioo cha dirisha isiyoeleza ubovu wa mota ya zamani ulithibitishwaje. Kioo kikikwama chini, gari haliwezi kulala nje, wala halifai kubeba vitabu na fedha za malipo ya mazao. Katibu hufanya haraka, na haraka hiyo humgharimu mwanachama. Yafaa basi tujue namna ya kupima ubovu huo hapo hapo chamani.

Mota hiyo hutumia umeme wa betri, volti 12 katika magari madogo. Huzungusha gia inayovuta kamba ya chuma, au inayoinua mikono ya chuma iliyoshika kioo. Mota ya kawaida ina nyaya mbili tu. Umeme ukiingia kwa waya wa kwanza kioo hupanda. Ukiingia kwa waya wa pili kioo hushuka. Upimaji wote wategemea jambo hilo.

Kwanza, tazama fyuzi. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni kuliweka gari katika hatari ya moto.

Pili, jaribu madirisha mengine. Yote yakikataa, mota haina kosa. Chunguza fyuzi na njia kuu ya umeme. Likikataa la abiria pekee, hakikisha kitufe cha kufungia madirisha kilicho upande wa dereva hakikubonyezwa, kisha jaribu swichi zote mbili. Kumbuka pia kwamba mota nyingi zina kinga ndani yake inayokata umeme zikipata joto. Ziache zipoe robo saa.

Tatu, chunguza nyaya zinazopita katika mpira kati ya mlango na bodi. Hapo hukunjwa kila mlango ufunguliwapo, na mara nyingi hukatika ndani huku ngozi yake ikionekana nzima.

Nne, ondoa ubao wa ndani wa mlango kwa bisibisi, ukitoa skrubu zote kabla ya kuvuta vishikizo. Magari yenye mifuko ya hewa ya usalama milangoni aachiwe fundi. Chomoa plagi ya mota, uunganishe balbu ndogo ya volti 12 kwenye ncha mbili za plagi inayotoka kwenye swichi, na mwenzako abonyeze swichi juu na chini. Balbu isipowaka, ubovu uko kwenye swichi au nyaya. Ikiwaka pande zote mbili, umeme wafika. Sasa ndipo mota ishukiwe.

Tano, ipe mota umeme wa betri moja kwa moja kwa waya wenye fyuzi, kisha ugeuze nyaya. Mota yenye nyaya zaidi ya mbili isipimwe hivyo, kwa kuwa huenda ina vifaa vya elektroniki. Ikizunguka lakini kioo hakisogei, kamba au gia imeharibika. Ikinguruma kwa shida, huenda kioo kimebanwa na vumbi katika mpira wa njia yake: safisha, upake mafuta ya silikoni, wala si oili ya injini, ambayo huharibu mpira. Ikinyamaza kabisa, ndiyo mbovu. Hata hivyo, zile zinazofunguka kwa skrubu huweza kupona kwa kusafishwa na kubadilishiwa brashi za kaboni zilizolika.

Kabla ya kufungua mota, kiinue kioo na kukifunga imara kwenye fremu kwa utepe mgumu, maana kikianguka hukata vidole. Mikono ya chuma yenye springi ibanwe kwanza, kwa kuwa huruka kwa nguvu. Wakati wa kupima, mkono wa mtu usiwe ndani ya mlango. Mwisho, rudisha karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya ubao. Bila hiyo maji ya mvua hupenya ndani ya gari na kuharibu ubao wenyewe.

Makatibu wanashauriwa kwamba hati yoyote ya malipo ya mota iambatane na maelezo mafupi ya vipimo hivi, jina na sahihi ya aliyepima, na stakabadhi ya duka. Mota ya zamani irudishwe stoo na kuandikwa daftarini, ili mwanachama atakayeuliza kwenye mkutano mkuu aonyeshwe kifaa chenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika