Peremende za Kikohozi Zitengenezwazo Nyumbani

Katika Garissa na nchi yote ya Kaskazini Mashariki, vumbi ni jirani wa kila siku. Wakati wa kiangazi ambacho Wasomali hukiita Jilaal, tangu Januari mpaka Machi, upepo huuingiza mchanga nyumbani, sokoni na kooni mwa watu. Koo likikauka kikohozi hufuata, na usiku mgonjwa na wauguzi wake hukosa usingizi pamoja. Peremende za kikohozi zapatikana madukani, lakini mama mwenye sukari na viungo vya chai aweza kuzitengeneza mwenyewe.

Viungo havitoki mbali. Tangawizi, iliki, karafuu na mdalasini ndivyo vitiwavyo katika chai ya Kisomali. Ndimu hutoka katika mashamba ya kandokando ya mto Tana, na asali hutoka Ukambani, ambako ufugaji wa nyuki ni kazi ya tangu zamani.

Kwanza kipondwe kipande cha tangawizi kadiri ya kidole gumba, kitiwe katika vikombe 2 vya maji pamoja na karafuu 6, iliki 4 na kijiti kimoja cha mdalasini. Maji yachemke polepole mpaka yabaki nusu kikombe, kisha yachujwe. Katika sufuria safi mpishi atie maji hayo, vikombe 2 vya sukari, vijiko 4 vya asali na kijiko 1 cha maji ya ndimu. Ndimu si ya ladha tu. Uchachu wake huizuia sukari isirudi kuwa chenga. Sukari ikorogwe mpaka iyeyuke, na ikianza kuchemka mwiko uondolewe. Moto uwe wa wastani, maana asali huungua upesi.

Ili kujua kama imeiva, tone moja lidondoshwe katika bakuli la maji baridi ya mtungi. Likibonyea kati ya vidole, bado. Likivunjika kwa mlio, limeiva. Wakati huo joto la sukari limefikia kadiri ya digrii 150 za sentigredi, tena sukari hiyo hugandamana na ngozi na kuichoma vibaya. Kwa hiyo watoto wakae mbali na jiko. Sufuria iepuliwe, na sukari idondoshwe kwa kijiko juu ya sinia iliyopakwa mafuta kidogo. Peremende zikipoa zigaagazwe katika sukari iliyotwangwa, zifungwe moja moja katika karatasi, na kuwekwa katika mkebe wenye kifuniko cha kubana. Pasipo hayo, joto la Garissa litazigeuza zote kuwa donge moja.

Kazi ya peremende ni kuleta mate kinywani. Mate na utamu hulilainisha koo, na mwasho hupungua kwa muda. Lakini si za kila mtu. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu viletavyo sumu tumboni mwake. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe peremende ngumu, isije ikamkwama kooni.

Tena kutuliza si kuponya. Kikohozi cha mafua huondoka chenyewe. Kikohozi kinachopita wiki 2, hasa kikiandamana na homa, jasho la usiku, kukonda au damu katika makohozi, chaweza kuwa kifua kikuu. Watu wa nchi hii waujua ugonjwa huo. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitalia, alikabidhiwa katika mji wa Wajir mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji wenye kifua kikuu. Shida kubwa ilikuwa hii: mfugaji hufuata malisho, na akipata nafuu kidogo huondoka na mifugo yake kabla ya kumaliza dawa. Basi wagonjwa walikaa katika vibanda karibu na kituo, wakameza dawa mbele ya mwangalizi kwa muda wa miezi 6. Njia hiyo ya kumwangalia mgonjwa akimeza dawa hufuatwa leo katika nchi nyingi.

Katika hospitali za serikali ya Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Anayechelewa kupimwa huendelea kuwaambukiza wale walalao naye nyumba moja, hata kama kooni mwake ana peremende tamu. Kwa hiyo wiki 2 zikipita na kikohozi kingalipo, mkebe usijazwe tena. Mgonjwa na apelekwe hospitali makohozi yake yakapimwe.