Anayebadilisha Mtaa Alipie Kelele

Reli ya kisasa inayotoka Nairobi kwenda Suswa, iliyofunguliwa Oktoba 2019, inavuka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi juu ya daraja la takriban kilomita 6. Daraja hilo liliwekewa vizuizi vya sauti ili mngurumo wa treni usiwasumbue wanyama wanaolisha chini yake. Watetezi wa mazingira walipinga sana reli ile kupita hifadhini, na wengi wao hawakuridhika hata baada ya daraja kusimama. Hata hivyo, kuna jambo lililokubalika pale bila mabishano makubwa: anayeleta kitu kipya mahali penye viumbe hai ndiye anayegharimia kelele zake, tena anazigharimia kwenye mchoro, kabla treni ya kwanza haijapita. Kando ya barabara zetu kuu, ambako walio chini ya mngurumo ni watoto na wazee waliolala, uamuzi wa namna hiyo ni nadra. Makala haya yanasema kwamba kanuni iliyotumika kwa swala na twiga inautosha pia mtaa wa Bamburi huko Mombasa, na kwamba isipotumika sasa, wakati mtaa ungali unajengwa upya, itakuja kugharimu mara nyingi zaidi.

Bamburi haina reli. Kelele zake zinatoka kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, ambayo inapanuliwa hadi Mtwapa kama sehemu ya njia ya pwani ya Bagamoyo hadi Malindi inayofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Zinatoka pia kwenye honi na muziki wa matatu, baa na klabu, mashine za kuchanganya zege kwenye viwanja vinavyojengwa, na malori ya mizigo. Kiwanda cha saruji alichokianzisha Felix Mandl mwaka 1951, kikaanza kuzalisha mwaka 1954, kilizungukwa kwanza na machimbo ya mawe ya matumbawe na mashamba. Mji ndio uliokifuata. Baadaye hoteli zilijaa ufukweni, mitaa ya Kiembeni na Utange ikafurika wapangaji, na sasa nyumba za chini zilizokuwa na bustani mbele na paa la makuti au vigae zinabomolewa kiwanja kwa kiwanja, fleti za ghorofa nyingi zikisimama mahali pake. Mabadiliko haya mengi ni ya heri, kwa kuwa watu wanahitaji pa kuishi na barabara ya zamani ilikuwa imeelemewa. Swali ni nani anabeba madhara yanayokuja pamoja nayo.

Ili kulijibu, inafaa kuelewa desibeli zinavyokwenda, maana hazijumlishwi kama kilo za unga. Magari yakiwa maradufu barabarani, kipimo kinapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huigundua kwa shida. Kipimo kikipanda desibeli 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, na mtu wa kawaida husikia kana kwamba kelele zimezidi mara mbili. Umbali nao una hesabu yake. Kwa barabara yenye magari mfululizo, kila umbali unapopungua kwa nusu sauti hupanda kwa desibeli 3 hivi. Chumba kilichokuwa mita 40 kutoka kwenye lami kikijikuta mita 10 kimeongezewa desibeli 6, sawa na kuyafanya magari kuwa mara nne. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo tunapokosea tunapolaumu wingi wa matatu peke yake. Barabara inapanuka kuelekea nyumba, na wakati huohuo mwenye kiwanja anasukuma ukuta wa fleti hadi ukingo wa ardhi yake ili asipoteze hata futi moja. Pande mbili zinakaribiana, na kila upande una kibali chake. Sehemu kubwa ya kelele zitakazomfikia mpangaji imeamuliwa ofisini, kwenye karatasi, kabla dereva yeyote hajapiga honi.

Urefu wa majengo unaongeza tatizo kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Ukuta wa uani huzuia sauti pale tu unapokata mstari kati ya gari na sikio. Nyumba ya chini nyuma ya ukuta mrefu wa mawe inapata nafuu ya kweli, lakini mtu wa ghorofa ya nne anaiona barabara yote, na anachokiona anakisikia. Miti haisaidii kama tunavyoamini. Mistari miwili ya mivinje ni kivuli kizuri na pambo la mtaa, ila kwa sauti haifiki mbali. Kinachopunguza desibeli chache ni msitu mzito wenye kina cha makumi ya mita, na kiwanja cha fleti hakina nafasi hiyo. Besi ya klabu ni taabu ya aina nyingine. Mawimbi yake ni marefu, hupenya kuta na kutikisa vioo, na kipimo cha kawaida cha desibeli, kilichotengenezwa kufuata usikivu wa sikio, huipunguzia uzito sauti hiyo nzito. Mkaguzi anaweza kusoma namba ya wastani kwenye kifaa chake huku kitanda kikitetemeka.

Uingereza ilipata dawa yake mapema. Kanuni za mwaka 1975 kwa barabara mpya, na za mwaka 1996 kwa reli, zinawapa wenye nyumba zilizofikwa na kelele kupita kiwango fulani haki ya kuwekewa madirisha ya vioo viwili kwa gharama ya mwenye mradi. Dawa hiyo tukiinakili Bamburi itatuumiza. Nyumba ya pwani huishi kwa upepo. Dirisha lililofungwa mwezi Februari, joto na unyevu vikiwa vimekaba, linamlazimu mpangaji kununua mashine ya kupoza hewa na kulipa bili ya umeme kila mwezi, au afungue tu na avumilie. Na dirisha lililofunguliwa, hata ukuta uwe wa mawe mazito kiasi gani, linapunguza sauti ya nje kwa desibeli 10 hadi 15 basi. Kwa hiyo hapa kwetu kinga ya kelele haiwezi kutenganishwa na upepo. Ni lazima ianze na namna jengo linavyokaa kiwanjani.

Jiografia ya Bamburi ina jambo ambalo wachoraji wa majengo wangepaswa kulitumia. Barabara inakwenda sambamba na pwani, bahari ikiwa mashariki yake. Pepo za kusi na kaskazi zote hutujia kutoka upande wa bahari. Fleti iliyo mashariki ya barabara inaweza kuweka vyumba vya kulala upande wa bahari, ikapata upepo na utulivu kwa dirisha moja, huku ngazi, jikoni, vyoo na matangi ya maji vikikaa upande wa barabara kama ngao. Magharibi ya barabara hali ni ngumu, kwa sababu dirisha linalokaribisha upepo ndilo linaloitazama barabara, na upepo wenyewe unaipinda sauti kuirudisha chini kuelekea nyumba. Huko ndiko jengo linahitaji kurudi nyuma zaidi, au kujifunza kutoka kwa nyumba za zamani za Mji wa Kale wa Mombasa, ambazo vyumba vyake vilipumua kwa ua wa ndani na kuipa njia mgongo wa ukuta mnene. Ua wa ndani unapunguza idadi ya vyumba vya kupangisha, hilo ni kweli, na ndiyo maana hakuna mwekezaji atakayeuchagua kwa hiari yake ikiwa jirani yake halazimiki.

Itasemwa kwamba sheria ipo na kinachokosekana ni utekelezaji tu. Sheria ipo, naam. Kanuni za Kudhibiti Kelele na Mitetemo za mwaka 2009 ziliweka viwango kwa kila eneo: mahali pa makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku huanza saa mbili. Lakini 35 ni utulivu wa maktaba. Upepo ukipita kwenye minazi unaweza kufikia kiasi hicho. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 unaofungamanisha kelele na usingizi mbovu na maradhi ya moyo, ilipendekeza wastani wa usiku usizidi desibeli 45 kwa barabara na 44 kwa reli, zikipimwa nje ya nyumba. Kiwango kinachovunjwa na mtaa mzima kila usiku kinampa afisa uhuru wa kuchagua amshike nani, na mwenye baa ndogo hushikwa kabla ya barabara kuu. Isitoshe, kanuni hizo husubiri malalamiko. Mlalamikaji anafika jengo likiwa limekwisha kujengwa, dirisha limekwisha kutazama pabaya, na wa kushtakiwa hajulikani, kwa sababu kelele ni za wote.

Kanuni ninayoitetea imejaribiwa kwingine. Jimbo la Victoria nchini Australia liliiingiza kwenye mipango miji mwaka 2014, na Uingereza ikaiweka kwenye sera yake ya kitaifa ya mipango mwaka 2018: anayeleta mabadiliko ndiye anayewajibika kuyatuliza. Anayejenga fleti kando ya klabu iliyopo azijenge za kuhimili muziki. Anayefungua klabu kando ya fleti zilizopo aifunge sauti yake ndani. Anayepanua barabara alipie kinga ya nyumba ambazo barabara inazisogelea. Uzuri wake ni kwamba inaondoa ugomvi usio na mwisho wa nani mkorofi, na kuweka swali linalojibika: mwaka huu, kwenye kiwanja hiki, nani anabadilisha nini?

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya kanuni hiyohiyo. Je, aliyetangulia hatakuwa amepewa haki ya kupiga kelele milele? Kiwanda cha tangu 1954 au baa ya miaka mingi vitasema mmetukuta. Jibu ni kwamba kutangulia kunakupa kiasi ulichokuwa nacho, kilichopimwa na kuandikwa, na hakukupi ruhusa ya kuongeza; ukiongeza, wewe ndiye mwenye mabadiliko. Tena chini ya kila kipimo kuna sakafu ya afya, kwa sababu Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Kifungu cha 70 hakimtaki mlalamikaji athibitishe kwanza kwamba kuna aliyepata hasara.

Ila pwani neno kutangulia lina kidonda, na yeyote anayelileta hapa lazima akiguse. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliacha watu wengi wa ukanda huu bila karatasi juu ya ardhi waliyoilima, na hadi leo katika eneo la Kisauni kuna nyumba ambazo mwenyewe ni mmoja na mwenye ardhi ni mwingine. Kama haki ya utulivu itafuata hatimiliki, aliyekaa muda mrefu kuliko wote atahesabiwa mgeni, na mwekezaji wa juzi atakuwa mwenyeji. Kwa hiyo kinga lazima ifuate kitanda. Penye mtu anayelala, awe mpangaji au mwenye nyumba asiye na ardhi, pahesabiwe kuwa makazi yaliyopo.

Wapo watakaosema gharama hizi zitapandisha kodi. Baadhi zitapanda, na sitalificha hilo, hasa mahali jengo litakapolazimika kurudi nyuma. Lakini kugeuza chumba kwenye mchoro hakuongezi mfuko hata mmoja wa saruji, na gharama inayokwepwa leo haipotei. Wajapani waliligundua hilo kwa njia ndefu. Treni yao ya kasi kati ya Tokyo na Osaka ilianza mwaka 1964. Wakazi wa Nagoya walikwenda mahakamani mwaka 1974. Serikali ikatoa kiwango cha desibeli 70 kwa makazi mwaka 1975. Na maridhiano yakaja mwaka 1986, baada ya fidia na kazi ya kurekebisha reli na nyumba zilizokwisha kukaliwa. Miaka 22 ilipita kati ya treni ya kwanza na makubaliano. Ajira za usiku nazo haziuawi na kanuni hii. Klabu iliyofungia sauti yake ndani haimpi jirani sababu ya kuita polisi, na mhudumu wake anayerudi nyumbani alfajiri naye anahitaji kulala mchana.

Mamlaka ya kuanza yapo Mombasa kwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na kaunti ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ambayo inairuhusu kuweka masharti. Kila ombi la fleti, klabu au upanuzi wa barabara kati ya Bombolulu na Shanzu liambatane na kipimo cha kelele za usiku kilichochukuliwa kiwanjani, na mchoro unaoonyesha kila dirisha la chumba cha kulala linatazama wapi na litapata upepo kwa njia gani likiwa wazi. Kwa nyumba zilizokwisha kusimama magharibi ya barabara, sharti liwe juu ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa: lami laini isiyo na viraka, mwendo wa usiku uliopunguzwa penye makazi, na kuta za kuzuia sauti mbele ya nyumba za chini na shule. Kwa ghorofa za juu kuta hizo hazitafika, na wapangaji wa huko wanastahili kulipiwa marekebisho ya madirisha yao kutoka kwenye bajeti ya mradi uleule unaoisogeza barabara karibu nao.