Nyufa za Kivinjari Zizibwe Mapema

Katika nyumba nyingi za Manyovu, milimani karibu na mpaka wa Burundi, simu imekuwa ndiyo sanduku la nyumba: mna akiba ya mauzo ya kahawa, maneno ya ndugu walio mbali na picha za watoto. Mlango mmojawapo wa sanduku hilo ni kivinjari, yaani ile programu ambayo kwayo twafungua kurasa za intaneti.

Wengi hudhani kuwa mwizi hawezi kuingia mpaka mwenyewe aitoe namba yake ya siri. Sivyo. Mnamo Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika libwebp, chombo ambacho vivinjari hukitumia kufumbulia picha. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kukifanya kiandike nje ya nafasi kiliyotengewa katika kumbukumbu ya simu, na hapo amri za mwizi zikapata pa kupenyea. Kufungua ukurasa wenye picha hiyo kuliweza kutosha. Tarehe 11 mwezi huo Google ilitoa kiraka cha Chrome, ikakiri kuwa ufa ule ulikwisha kutumiwa na waovu. Kesho yake Mozilla ikatoa cha Firefox.

Lakini iko hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Kiraka kinapotolewa, mwizi naye hukichunguza, akajua ufa ulikuwa wapi, kisha akawatafuta waliochelewa. Basi kila siku tunayoahirisha kwa kulionea uchungu bando ni faida kwake.

Yatupasa nini? Kwanza, tutenge sehemu ya bando kwa kusasisha kivinjari. Na kwenye kompyuta tukifunge na kukifungua upya, ili kiraka kianze kazi. Pili, tusasishe kutoka duka la programu la simu yenyewe tu. Ukurasa unaozuka ghafla na kutuhimiza kubonyeza kwa kuwa kivinjari chetu kimechakaa, mara nyingi ni mtego. Tatu, simu kuukuu ambayo haipokei tena viraka isitumiwe kwa mambo ya fedha. Na vijana wawasaidie wazee wao, bila kuwauliza namba zao za siri.

Kasoro hatukuitia sisi, bali kuchelewa ni kwetu. Siri za watu zilizomo katika simu zetu ni amana, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.