Je, Wajua? Sungura Humsaka Mbeba Mafuta wa Binadamu

Je, wajua kwamba apolipoprotini E, protini inayobeba mafuta na lehemu katika damu ya binadamu, mara nyingi husakwa maabarani kwa kingamwili za sungura? Sungura hudungwa protini hiyo. Mwili wake, ukiiona ngeni, hutengeneza kingamwili za kila namna, kila moja ikishika kipande chake. Ndizo ziitwazo za poliklono. Wapo wanaozibeza: sungura akifa, mchanganyiko ule ule haupatikani tena. Ni kweli, lakini wingi huo ndio nguvu yake: protini ikiharibika upande mmoja, kingamwili nyingine bado huishika, na kwenye utando wa kipimo hutokea mstari karibu na kilodaltoni 34. Udhaifu mkubwa, naona, uko kwingine. Aina ya E4 ya protini hii, inayoongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer, hutofautiana na aina ya E3 kwa asidi amino moja tu kati ya 299, ile ya nafasi ya 112. Kundi la kingamwili linaloshika popote kwa kawaida haliioni tofauti hiyo. Anayeuliza kama protini ipo, sungura anamtosha. Anayeuliza ni E3 au E4, apime jeni.