Jazi, Dansi na Mtindo: Istilahi Tatu za Muziki Zinazochanganywa

Utangulizi

Wafasiri, walimu na watumishi wa idara za utamaduni hukutana mara kwa mara na swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la wapenzi wa muziki peke yao: je, bendi fulani ni ya jazi, ni ya dansi, au ni ya kitu kingine? Swali hili husababisha ubishi mkali vibarazani Kariakoo, na aghalabu huisha kila mtu akiondoka na rai yake. Ofisini, hata hivyo, haliwezi kuachwa hivyo. Karani anayepanga kanda za zamani za redio hana budi kuiandikia kila kanda aina yake. Mfasiri anayetayarisha maelezo kwa wasomaji wa nje hana budi kuchagua neno moja. Mwalimu anayefundisha historia ya sanaa hana budi kuwapa wanafunzi maana ambayo haitawaangusha. Kosa la neno moja latosha kuupeleka wimbo kwenye rafu ambako hakuna atakayeutafuta.

Katika makala haya tutaeleza maneno matatu, yaani jazi, dansi na mtindo, na kuonyesha kwamba kila moja lina kazi yake. Hoja yetu ni kuwa ubishi mwingi hautokani na muziki wenyewe, bali na kuyalazimisha maneno haya matatu yafanye kazi moja.

1. Jazi: jina au aina?

Ukiitazama orodha ya bendi za Tanzania za kabla na baada ya Uhuru, neno hili limetapakaa kote. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Zikafuata Kilwa Jazz na Western Jazz mwishoni mwa miaka ya 1950, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kule Tanga, NUTA Jazz mwaka 1964, na Vijana Jazz mwaka 1971. Mgeni aonaye majina haya atadhani kuwa nchi nzima ilikuwa ikipiga muziki wa akina Louis Armstrong na Duke Ellington. Akizisikiliza rekodi zenyewe atashangaa, maana atakachosikia ni magitaa yaliyofungamana na rumba, pamoja na mashairi ya Kiswahili kuhusu mapenzi, ndoa, kazi na taifa.

Sababu iko katika historia. Neno hili liliingia kwetu katika zama za santuri, wakati sahani za muziki wa Kuba, zile za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilipokuwa zikisikilizwa mijini. Wakati ule jazi halikuwa jina la aina ya muziki. Lilikuwa jina la kikundi cha kisasa chenye magitaa na vyombo vya kupulizia, tofauti na kikundi cha ngoma. Ndugu zetu wa Kongo walilitumia vivyo hivyo: African Jazz na OK Jazz, bendi kuu za Kinshasa za miaka ya 1950, zilikuwa bendi za rumba.

Neno kuhama maana yake si jambo geni katika lugha yetu. Kabla ya jazi, neno la Kiingereza la kikundi cha wapiga muziki lilikwisha kuingia pwani kwa sura ya beni, likawa jina la ngoma zilizoiga bendi za kijeshi, zenye vyama vya Marini na Arinoti. Baadaye neno lile lile likaingia mara ya pili kwa sura ya bendi, na leo hakuna ayachanganyaye hayo mawili. Hata Kariakoo yenyewe ni ushahidi. Jina hilo limetokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mnunuzi aendaye sokoni leo hatafuti wapagazi wa vita. Jina limebaki, maana imehama.

Kama msomaji angali na shaka, na aitazame historia ya bendi moja tu. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, bendi ikawa JUWATA Jazz. Katika miaka ya 1990 ikawa OTTU Jazz. Hatimaye ikajulikana kama Msondo Ngoma. Neno Jazz liliondoka katika jina, wala hapana mpenzi aliyesema kuwa aina ya muziki imebadilika siku ile. Neno liwezalo kuondolewa bila kitu kubadilika haliwezi kuwa istilahi ya kitu hicho. Kinyume chake ni kweli pia: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanzishwa Morogoro mwaka 1948, haikuwa na neno jazi katika jina lake, wala Orchestra Maquis au DDC Mlimani Park Orchestra hazikuwa nalo. Hata hivyo wasikilizaji huziweka zote katika fungu moja na NUTA.

Kuna wanaosema kwamba, kwa kuwa wazee wengi wa mjini waliuita muziki huu wote jazi, matumizi ya watu ndiyo sheria, na istilahi rasmi iwe hiyo. Hoja hii ina uzito, kwani lugha ni ya wasemaji wala si ya ofisi. Lakini wasemaji hao hao leo husema muziki wa dansi, na tena twahitaji neno kwa ajili ya muziki ule wa Wamarekani weusi. Neno moja likibeba mizigo yote miwili, mfasiri atakuwa wa kwanza kuanguka.

2. Dansi: vipimo vitatu

Muziki wa dansi ndilo jina la aina. Ili lisibaki kuwa neno la kukisia, twapendekeza vipimo vitatu vitumike kwa pamoja.

Kipimo cha kwanza ni ala. Msingi wa dansi ni magitaa ya umeme yanayogawana kazi: la solo, la ridhimu na la besi. Huongezwa tumba na dramu, na katika bendi kubwa saksafoni na tarumbeta.

Kipimo cha pili ni muundo wa wimbo. Wimbo wa dansi uliokomaa una sehemu mbili. Katika ya kwanza mwendo ni wa taratibu na mwimbaji hueleza kisa chake kwa beti. Katika ya pili, ambayo wanamuziki wa Dar es Salaam huiita chemko, mwendo huongezeka, magitaa hujibizana, waimbaji huitikiana kwa maneno mafupi, na wachezaji huinuka. Kwa Wakongo sehemu hii huitwa sebene.

Kipimo cha tatu ni matumizi. Dansi hupigwa ukumbini kwa saa nyingi ili watu wacheze. Hapo ndipo inapoachana na taarabu. Katika taarabu ya asili hadhira huketi na kusikiliza, na anayeguswa na shairi huinuka kumtunza mwimbaji. Katika dansi, bendi isiyowainua watu imeshindwa kazi yake. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja na ule wa DDC Kariakoo ni miongoni mwa mahali ambapo kazi hiyo ilifanyika kwa miaka mingi.

Yafaa kusisitiza kuwa kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Taarabu ya kisasa nayo hutumia gitaa la umeme na huchezwa. Kwaya nyingi za makanisani zina magitaa yote matatu. Vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT viliweza kutoa ngoma, maigizo, taarabu na dansi katika onyesho moja, na mara nyingine ala zilikuwa zile zile. Katika hali hiyo kinachoainishwa ni wimbo, wala si kikundi.

3. Mtindo: alama ya bendi

Neno la tatu ndilo linalowatatiza wafasiri zaidi. Bendi za dansi zilijitambulisha kwa mitindo: Morogoro Jazz kwa Sululu, Western Jazz kwa Saboso, NUTA kwa Msondo, Mlimani Park kwa Sikinde, Maquis kwa Kamanyola, Vijana Jazz kwa Pamba Moto, na Dar International ya Marijani Rajab kwa Super Bomboka. Mfasiri akikuta orodha hii huweza kudhani kuwa ana aina saba za muziki mbele yake. La hasha. Ana aina moja na alama saba.

Ushahidi ulio wazi ni safari ya mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo. Aliimba NUTA katika Msondo tangu mwaka 1964. Mwaka 1978 alihamia Mlimani Park na kuimba Sikinde. Katikati ya miaka ya 1980 akawa Orchestra Safari Sound, ambako mtindo ulikuwa Ndekule. Kisha akarudi kwenye bendi yake ya zamani, Msondo. Sauti na utungaji ni vyake mwenyewe, bali mtindo ni mali ya bendi. Kwa hiyo mtindo hukaribiana na bendera ya timu ya mpira kuliko jamii ya muziki. Wapenzi waligawanyika baina ya Msondo na Sikinde kama wanavyogawanyika baina ya Yanga na Simba, na ushindani huo ulizilazimisha bendi kutunga upya kila mara.

Hatusemi kwamba mitindo haina tofauti za kisauti. Msikilizaji mzoefu hutambua vipulizio vya Sikinde kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Lakini tofauti hizo ni za ndani ya aina moja. Pia majina yenyewe yana thamani kwa mwanaisimu: sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na msondo ni ngoma ndefu ya asili. Ala zilitoka ng'ambo, majina yakatoka nyumbani. Kwa sababu hiyo majina ya mitindo hayatafsiriwi.

4. Bendi za mpakani

Vipimo hujulikana ubora wake mpakani. Afro 70 ya Patrick Balisidya, iliyoiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977, ilichota ladha nyingi za nje. Lakini nyimbo zake hupita vipimo vyote vitatu, basi ni dansi. Sunburst, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1970 na kutoa santuri ya Ave Africa mwaka 1976, ni habari nyingine. Ilikuwa na magitaa na iliwachezesha watu, ila muundo wa nyimbo zake wafuata zaidi roki na soul kuliko beti na chemko. Twaona kuwa jina la haki kwake ni roki ya Kiafrika. Kuiita hivyo si kuibagua. Ni kuipa mahali ambapo atafutaye ataikuta.

Ubishi wa namna hii haupo kwetu tu. Wapenzi wa roki wa Uingereza hawajamaliza kubishana ni bendi zipi zihesabiwe katika tawi lile lililochipuka mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa nyimbo ndefu zenye kuiga miundo ya muziki wa kikale wa Ulaya. King Crimson, Yes na Genesis hazina mpinzani. Ikifika Pink Floyd sauti huanza kupanda, na ikifika Queen hakuna maelewano. Chanzo ni kile kile: mmoja hupima kwa urefu wa wimbo, mwingine kwa miaka, mwingine kwa nia ya watunzi. Mfasiri aliyeliita tawi hilo roki ya maendeleo amefuata neno akaiacha maana, kwa kuwa maendeleo kwa msomaji wetu ni maji, shule na barabara. Kwa kuwa wanamuziki hao walikusudia kuipanua mipaka ya roki, twapendekeza roki panuzi.

5. Tahadhari juu ya zilipendwa

Neno hili limepata nguvu kutokana na redio. Kisarufi linavutia, kwani ni sentensi nzima iliyogeuka nomino. Lakini kipimo chake ni wakati wala si umbo. Wimbo wa taarabu wa mwaka 1960 waweza kuwa zilipendwa, na wimbo wa dansi uliotungwa mwaka huu hauwezi. Anayeandika zilipendwa mahali pa dansi huwahesabu kuwa wa jana wanamuziki ambao wameendelea kupanda jukwaani hata katika karne hii.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza matumizi yafuatayo katika tafsiri, mafunzo na orodha za kumbukumbu:

Jazi: muziki wenye asili ya Wamarekani weusi. Katika majina ya bendi za Afrika Mashariki na Kongo neno hilo ni sehemu ya jina. Liachwe kama lilivyoandikwa na wenyewe, wala lisichukuliwe kuwa aina.

Muziki wa dansi: muziki wa bendi za magitaa, wenye sehemu ya beti na sehemu ya chemko, upigwao ili watu wacheze.

Chemko: sehemu ya pili ya wimbo wa dansi, yenye mwendo wa kasi.

Mtindo: jina na namna ya upigaji inayotambulisha bendi moja. Liandikwe kwa herufi kubwa, lisitafsiriwe.

Roki panuzi: tawi la roki lililopanua urefu na muundo wa wimbo.

Zilipendwa: nyimbo za zamani za aina yoyote zilizopata kupendwa na wengi.

Karani mwenye kanda ya NUTA mkononi, basi, ataandika mambo matatu katika nafasi tatu: bendi, NUTA Jazz, aina, dansi, mtindo, Msondo. Wasomaji wenye hoja dhidi ya vipimo hivi, hasa walimu wa muziki na wanamuziki wenyewe, wanaombwa watuletee, ili istilahi hizi zijadiliwe kabla ya kusanifiwa.